Geti la Nyuma

Siku Limbu alipoingia getini na asitoke, Kalista alikuwa amebeba viazi vitamu kwenye hotipoti na chai ya rangi kwenye chupa. Walishuka Uyole asubuhi na ukungu, wakanunua chumvi ya ng'ombe sokoni, kisha wakapanda bodaboda moja wote wawili mpaka zizini. Zizi lilikuwa mbele ya maegesho ya malori ya Zambia: uwanja mpana uliozungushiwa mabati marefu, geti moja la chuma, na kibao kipya kilichoandikwa Mradi wa Utulivu wa Mifugo.

Ng'ombe wao walikuwa humo. Walinzi wa shamba la mpunga la mwekezaji mmoja kule bondeni Usangu waliwakamata, wakasema wamekanyaga majaruba, wakawapakia kwenye malori. Limbu aliwaeleza kwamba ng'ombe walikuwa kwenye njia yao ya maji, ileile waliyoipita tangu baba yake alipohama Shinyanga, na kwamba majaruba ndiyo yaliyoifuata njia. Hakuna aliyembishia. Walimsikiliza mpaka akamaliza, malori yakaondoka.

Mlinzi wa getini aliitwa Lutengano, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka.

"Fimbo haiingii, mzee," alisema. "Iegemeze hapo ukutani, ukitoka unachukua."

Limbu aliitazama fimbo yake, akautazama ukuta. Kwao fimbo ya mwenye mji haiegemezwi kwenye ukuta wa mtu asiyemjua. Akamgeukia mkewe.

"Nishikie. Nawasalimia tu, natoka."

"Chai itapoa."

"Tangu lini ukaninywesha chai ya moto?"

Kalista alicheka, akaipokea fimbo kwa mikono miwili. Limbu akaingia na makatambuga yake ya tairi, la kulia limefungwa kwa uzi wa katani kwa sababu kamba yake ilikatika njiani. Ilikuwa saa nane mchana.

Baadaye kidogo geti lilifunguliwa likatoka lori lililofunikwa turubai. Kalista alikuwa amekaa karibu na njia. Alisogeza hotipoti ili gurudumu lisiikanyage, na dereva akainua mkono kumshukuru.

Jua lilipopungua Lutengano alikuja na kufuli.

"Mume wangu bado yumo," Kalista alisema.

Lutengano aliangalia ukutani. "Hakuna fimbo."

"Fimbo ninayo mimi."

"Basi ametoka."

"Nimekaa hapa hapa, kaka yangu. Sijanyanyuka hata kwenda kujisaidia."

"Mama, utaratibu ndio huo. Anayeingia anaacha fimbo, anayetoka anachukua fimbo. Fimbo haipo, mtu hayupo."

Akafunga.

Kesho yake meneja wa zizi, bwana Jailos, alimpokea vizuri, akamwagizia soda. Alisema kwamba kama mama hakumwona mumewe akitoka kwa geti la mbele, basi atakuwa ametokea geti la nyuma. Kalista alikunywa soda nusu, akatoka, akaweka kiganja kwenye mabati akaanza kutembea. Alilizunguka zizi lote bila kuondoa mkono, akapita kwenye magugu, akaruka mtaro, akapita nyuma ya gereji ya watu, mpaka kiganja chake kikafika tena kwenye geti aliloanzia.

"Geti la nyuma liko wapi?" alimuuliza Jailos.

"Hayo ni mambo ya uongozi," alisema Jailos, naye ndiye aliyekuwa uongozi.

Kila ofisi aliyokwenda baada ya hapo ilitaka kujua kama kweli fimbo anayo. Alipoionyesha, walimwambia kwamba hilo ndilo tatizo.

Nyumbani Usangu hapakuwekwa matanga. Mama yake Limbu, ambaye wote walimwita Mayu, alikataza watu kunyolewa na moto kuwashwa uani. Alikaa kwenye kigoda, akaligeukia zizi tupu, akaacha kula. "Waseme tu kwamba mwanangu hakutoka mle," alimwambia Kalista. "Wakisema, nitalia kama wanawake wengine. Wasiposema, nitalilia nini?"

Kwa hiyo Kalista alirudi Uyole akaomba kazi ya kufagia zizini. Aliipata siku hiyohiyo. Alimwambia Jailos jina lake na la mumewe, hakuficha, na Jailos akasema ni vizuri, familia za wafugaji zinajua kinyesi.

Kazi ya mradi ilikuwa kujaribu kama sindano za tiba ya kale ya Kichina zinaweza kuponya huzuni ya wanyama inayotokana na misukosuko. Msimamizi alikuwa Daktari Tupokigwe, mwanamke mpole mwenye miwani, aliyesomea sindano hizo China na kuzifahamu vizuri sana. Mwanzoni walipanga kununua ng'ombe wazima na kuwahuzunisha wenyewe: kuwafunga kamba fupi, kuwatenga na ndama, kuwawashia taa usiku kucha. Kabla hawajaanza, mwekezaji wa mpunga akatafuta mahali pa kuweka ng'ombe aliowakamata, na ng'ombe hao wakafika wakiwa tayari. Hawakula, hawakucheua, walisimama wakitazama bati. Daktari alimwambia Kalista kwamba hilo liliokoa muda mwingi.

Ng'ombe waligawanywa makundi mawili. Kundi la sindano lilichomwa: katikati ya masikio, nyuma ya bega, juu ya shina la mkia. Kundi la kungoja halikuguswa, ili kulinganisha. Wa kundi la kungoja hawakuruhusiwa kukunwa, kuitwa kwa jina wala kupigiwa mluzi, maana faraja yoyote ingeharibu utafiti. Baada ya hapo wote waliwekewa pumba, na daktari akatazama ni nani aliyezifuata na ni nani aliyebaki ukutani.

Wa kwanza kuchomwa alikuwa punda aliyebebeshwa mawe machimboni Chunya mpaka akaanguka. Sindano zilipochomolewa, likatoka vumbi la mawe, gunia zima na zaidi, na kelele za mashine ya kusagia. Kalista alifagia lile vumbi akalitupa nyuma ya choo. Punda akaenda kula. Daktari alifurahi.

Kwa kuwa Kalista alikuwa na mikono iliyotulia, alipewa kazi ya kushika sahani ya chuma ambamo sindano ziliwekwa zikichomolewa. Ndiyo maana alikuwa ameishika siku ilipofika zamu ya Harusi kuchomwa.

Harusi alikuwa ng'ombe mwekundu aliyezaliwa siku walipofunga ndoa. Limbu aliwapa ng'ombe majina ya mambo yaliyotokea walipokuja duniani: Harusi, Masika, Radi, Jumapili. Daktari alichomoa sindano ya nyuma ya bega akaiweka kwenye sahani, na pamoja nayo ukaanguka mluzi. Ulikuwa mluzi wa Limbu, mfupi mmoja na mrefu mmoja, aliokuwa akiupiga kuwatoa ng'ombe majini. Ulilia mara moja kwenye chuma. Daktari akamimina spiriti, akazungusha, akamwaga.

"Sauti kidogo," alisema, akaendelea na mwingine.

Harusi aliinua kichwa akaenda kwenye pumba.

Jioni Kalista alimpigia simu mkwe wake. "Mayu, Limbu alikuwa anapigaje ule mluzi?"

Mayu aliuliza, "Kwani alikuwa anapiga mluzi?"

Kalista alikunja midomo ajaribu mwenyewe. Ilitoka pumzi tu.

Kwa Masika ilitoka harufu ya tumbaku iliyochanganyika na maziwa ya kuganda, ikakaa juu ya sahani kama mvuke wa chai, ikamwagwa. Kwa Radi ulitoka mguu wa Limbu uliokuwa ukichechemea kidogo tangu alipopigwa teke utotoni; mguu wenyewe haukutoka, ulitoka mwendo wake, ukaikwaruza sahani hatua kadhaa. Kwa Jumapili kilitoka kicheko. Baada ya kila moja ng'ombe alikula, na kule Usangu Mayu akala pia. Majirani walisema mama amepona. Alianza kwenda gulioni, akanunua kanga, akanenepa mashavu. Siku moja alimpigia Kalista kumsalimia tu, akaongea habari za mvua na bei ya mchele, na kabla ya kukata simu akauliza kwa upole:

"Nisamehe uzee, mwanangu. Wewe kwetu ulikuja kwa nani?"

Kalista hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Tupokigwe, aliyekuwa anakula ndizi za kuchemsha mezani kwake.

"Daktari, kinachotoka kwenye wale ng'ombe ni mume wangu."

Daktari alifuta miwani. "Inawezekana, dada Kalista. Kinachotoka hatukifuatilii. Sisi tunapima pumba."

"Hamjauliza walihuzunishwa na nini?"

"Sababu iko nje ya utafiti. Tukianza na sababu hatutamaliza."

"Na aliyewahuzunisha?"

"Mwekezaji ndiye anayelipa umeme," alisema daktari, naye hakuwa na ubaya wowote usoni. Alimkaribisha ndizi. Kalista alisimama pale na ufagio, na kitu kikampanda mpaka kwenye meno. Aligundua kwamba kitu hicho hakikupungua hata kidogo tangu siku ya kwanza. Sindano zilikuwa zimemchukulia mluzi, harufu, mwendo na kicheko, naye alikuwa anajua kwamba vilikuwepo kama mtu anavyojua kuna mji ambao hajafika. Hasira ilikuwa pale pale. Hasira haikuwa ya ng'ombe.

Kati ya ng'ombe waliotoka kwao, aliyebaki bila kuchomwa alikuwa dume mmoja mweusi mwenye paji jeupe, wa kundi la kungoja. Huyu aliitwa Mlandege. Kalista alipofagia banda lake alikatazwa kumtazama machoni. Aliinama, akamtazama kwato. Kila akiwa karibu naye uso wa Limbu ulimjia wazi, hata kovu la kwenye nyusi, na akiondoka ulififia. Kwa hiyo alijua kilichobaki kiko wapi.

Na Mlandege hakuwa ng'ombe wa Limbu. Alikuwa wa mahari. Baba yake Kalista, mzee Danieli, alikuwa fundi cherehani pale Mlandege mjini Iringa, mwenye vyumba viwili na baraza, na siku ng'ombe wa mahari walipofika aliwauza wote isipokuwa huyu, aliyekuwa ndama mzuri kupita kiasi. "Huyu siwezi kumuuza na sina pa kumweka," alimwambia Limbu. "Kaa naye, lakini ujue ni wangu." Limbu akampa ndama jina la mtaa ule ili mtu yeyote asisahau. Wakati ule mzee Danieli alikuwa bado hajakubali vizuri binti yake, Mkatoliki aliyemaliza kidato cha nne, kuolewa na mtu wa mbugani. Alimwambia mkwewe mbele ya wageni: "Wewe unaongea na ng'ombe kuliko unavyoongea na mimi." Limbu akajibu, "Ng'ombe hawanikatizi, baba." Mzee akacheka mpaka akavua miwani, na tangu hapo wakaelewana.

Kalista alipanda basi la Iringa. Alimkuta baba yake barazani, anashona sare za shule.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Mbeya wanakulisha ukungu?"

Alimweleza yote, polepole, bila kuruka. Mzee alikuwa akikanyaga cherehani muda wote. Kalista alipofika kwenye swali la Mayu, miguu ya mzee ikasimama.

"Yaani mama mzazi?"

"Mama mzazi, baba."

"Na ng'ombe wangu yupo?"

"Yupo. Hajachomwa."

Mzee Danieli alikata uzi kwa meno, akaenda kuvaa suti yake ya Pasaka. Alisafiri nayo mpaka Uyole, na utepe wake wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni. Kalista aliuona tangu wanapanda basi, akauacha.

Jailos hakuwa na pingamizi. Aliambiwa dume ni wa mahari, akakubali kwamba mahari ni mahari, na kwamba kumkamata ng'ombe wa fundi cherehani wa Iringa kwa kosa la mpunga wa Usangu kulikuwa na kasoro. Alimwita daktari.

"Atatoka leo," alisema Daktari Tupokigwe. "Ila atachomwa kwanza."

"Kwa nini?" aliuliza mzee.

"Ndiyo haki, baba. Waliongoja nao wanapewa tiba mwishoni. Hatuwezi kumwona mnyama ana huzuni tukamwacha aondoke nayo."

"Huzuni hiyo na mimi nina sehemu yangu. Nimekuja kumchukua nayo."

"Bila cheti cha utulivu geti halifunguliwi, mzee wangu," alisema Jailos. "Si mimi. Ni utaratibu."

"Utaratibu una mama yake?" aliuliza mzee Danieli. "Niitieni niongee naye."

Lutengano alicheka kule getini, kisha akajikausha.

Mzee alitaka kuendelea kubisha, lakini Kalista alimshika mkono wa suti. Alikuwa amekwisha kuchukua sahani ya chuma mezani. Fimbo ya Limbu aliikumbatia kwapani, na siku hiyo hakuna aliyemwambia aiache.

Dume aliingizwa kwenye kibanio cha mbao. Daktari alichoma taratibu, kwa ustadi, na Mlandege hakurusha hata mkia. Walingoja. Lori lilipita barabara kuu likielekea Tunduma. Ilipofika saa nane mchana daktari akaanza kuchomoa.

Kwenye sahani ukaanguka uso, wenye kovu kwenye nyusi. Halafu mabega. Halafu sahani ikawa nzito mikononi mwa Kalista, na Limbu akashuka kutoka humo, akasimama kwenye kinyesi na makatambuga yake, la kulia limefungwa kwa uzi wa katani. Watu walirudi nyuma kumpisha.

"Shikamoo, mzee," alisema Lutengano, kwa mazoea.

Limbu hakuitika, kwa sababu alikuwa katika siku ile na si katika hii. Alipita kati ya ng'ombe wake akiwagusa migongoni. Siku ile walikuwa wamemzunguka na kumlamba mikono. Ilionekana kwa namna alivyokuwa akiwasukuma vichwa na kutabasamu. Leo Harusi alikuwa anakula pumba, hakugeuka. Mkono wa Limbu ulikwaruza hewa ilipokuwa pua yake.

Kisha kutoka kwa dume wakatoka walinzi watatu wa shamba la mpunga na virungu vyao, na nyuma yao akatoka Jailos mwingine, mwenye shati la mistari, simu sikioni. Jailos wa leo alimtazama Jailos wa siku ile, akajiweka sawa kola.

Limbu alisema nao. Aliwaomba ng'ombe wapelekwe maji. Alisema mara mbili, na mara ya pili alionyesha kwa kidole lilipo bomba. Mlinzi mmoja akampiga kirungu mkononi, kwenye kidole kilekile. Limbu akapapasa upande wake wa kulia akitafuta fimbo. Haikuwepo.

Kalista alisema, "Ninayo." Alisema kwa sauti ya kawaida, na haikufika.

Walimpiga mpaka akakimbia. Alikimbilia upande wa nyuma, akaweka viganja kwenye mabati akaanza kupapasa, bati baada ya bati, akienda kama mtu anayetafuta mlango gizani, na wao wakimfuata bila haraka, kwa sababu walijua. Hakukuwa na geti. Alifika pembeni akageuka. Akaangukia hapo. Jailos wa shati la mistari alikata simu, akaonyesha lori. Walimpakia Limbu wakamfunika turubai, na katambuga la kushoto likabaki nje, likichezacheza, mpaka mtu akalisukumia ndani. Lori likaenda kwenye geti la mbele na kutoka.

Kalista aliona getini, nje, mwanamke akisogeza hotipoti ili gurudumu lisiikanyage. Aliona dereva akiinua mkono.

Ng'ombe walitafuna. Mlandege alitoka kwenye kibanio akaenda kwenye pumba akaanza kula naye.

"Amekula," alisema Daktari Tupokigwe. Sauti yake ilikuwa chini kuliko siku zote. Alitazama mabati, akatazama mikono yake, kisha akanyoosha mkono kuchukua chupa ya spiriti. "Shika vizuri sahani, dada Kalista."

"Hamjaona?" aliuliza mzee Danieli.

"Tumeona," alisema Jailos. "Lakini hayo ni ya walinzi wa shamba, hayahusiani na mradi. Na kwa kweli, baba, tuseme ukweli, si ametoka? Sote tumeona lori likitoka. Sisi tulikosea geti tu."

Mzee Danieli alivua utepe shingoni, akaukunja taratibu kama mtu anayetaka mikono yake iwe na kazi nyingine. "Kijana," alisema, "nimepima watu miaka mingi, wembamba na wanene. Wewe sijui nikushonee nini, maana ndani ya hilo shati sioni mtu."

Daktari alikuwa bado amenyoosha mkono. Kalista alirudi nyuma hatua moja. Sahani ilikuwa na yote yaliyotoka: Limbu, walinzi, lori, turubai, vyote vimekaa humo kama maji machache. Aliifunika kwa upande wa kitenge.

"Sahani ni mali ya mradi," alisema daktari.

"Iandikeni pamoja na geti la nyuma," alisema Kalista.

Alitembea kuelekea getini bila kukimbia, sahani mikononi, fimbo kwapani, baba yake nyuma yake akimvuta dume kwa kamba. Jailos aliwaita mara moja, kisha simu yake ikalia akaipokea. Lutengano alikuwa ameshafungua.

"Fimbo mmechukua?" aliuliza.

Kalista alimwonyesha. Lutengano aliitazama fimbo, akautazama ukuta wake, akasogea kando kuwapisha.

Kesho yake, njiani kuelekea Iringa, Kalista aliingia kwenye ofisi moja aliyowahi kwenda, akaweka sahani sakafuni na kutoa kitenge. Ilikuwa saa nane. Afisa aliyekuwa zamu alitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Limbu alipoanguka karibu na meza aliinua miguu asimkanyage. Alipomaliza aliuliza kama kuna shahidi mwingine wa siku ile zaidi ya dume. Kalista akasema hakuna. Afisa akasema hata hivyo watakwenda kukagua zizi, kwa sababu suala zima linategemea kama geti la nyuma lipo au halipo.

Sasa Kalista anaishi kwa baba yake Mlandege. Sahani iko kwenye rafu, juu ya cherehani. Kila siku saa nane mchana Limbu anashuka, anapita barazani, anakwenda kwenye uzio wa jirani, anapapasa mabati, anaanguka. Wateja waliokuja kupimwa sare wanangoja apite. Jirani ameacha kuanika nguo upande ule. Kalista anasimama mlangoni na fimbo, na kila mara Limbu akipapasa upande wa kulia anamnyooshea, na kila mara mkono wa Limbu unaipita.

Dume anakula vizuri. Mzee amemkodia banda Ipogolo.

Mayu aliletwa kutoka Usangu kuja kuona. Alikaa kwenye kigoda, kanga mpya begani, akatazama kwa makini mpaka Limbu alipofunikwa turubai.

"Masikini kijana wa watu," alisema. "Ana mama?"

Mzee Danieli akasema, "Anaye."

"Amejua?"

"Hajajua."

Mayu alifikiri. Halafu akavua kilemba, akaomba wembe. "Basi mimi nitamlilia badala yake, mpaka huyo mama atakapopatikana," alisema, akainamisha kichwa anyolewe. Moto uliwashwa uani. Majirani wa Mlandege walileta magodoro, kuni na mahindi, wakakaa matanga ya mtu ambaye mama yake alimlilia kuliko wote bila kujua ni wake.

Ofisi ile ilikwenda kukagua zizi kama ilivyoahidi. Walikuta geti la nyuma lipo. Ni la chuma, limepakwa rangi ya kijani, na saruji kwenye nguzo zake ilikuwa bado haijakauka. Lutengano hulifungua kila asubuhi saa mbili.